Majani ya kunukia ku lupango: namna ya kupanda Kolwezi bila kula vumbi ya madini

Ni saa kumi na mbili ya magaribi. Samaki iko tayari, nyanya na kitunguu vimeanza kuiva ndani ya nyungu, na ndipo mama anakumbuka kwamba seleri haiko. Mtoto anatumwa ku soko ya karibu. Anarudi na kifungu kidogo, majani yamekwisha kunyauka, sababu tangu asubuhi yalikuwa juu ya meza kando ya barabara, pahali makamioni ya madini yanapita. Kesho ni vile vile, na kesho kutwa tena.

Ndiyo maana wakaaji wengi wa Kolwezi wanaanza kujiuliza: kama jani hili linaota kwa urahisi, kwa nini nisipande yangu ku lupango? Jibu letu ni fupi: panda. Ni kazi ndogo, haiombi shamba, na faida inaonekana kila siku ku sahani. Lakini kwetu, mbele ya kuuliza mbegu inatoka wapi, tunapaswa kuuliza swali lingine: udongo unatoka wapi?

Makala hii inaeleza ni kwa nini swali hilo ni la lazima ku Lualaba, na namna gani familia inaweza kupata seleri, lumbalumba, menti na sinda ya kwake, safi na bila hatari.

Ni majani gani tunazungumzia?

Kila nyumba iko na mazoea yake. Lakini yale tunayotumia zaidi hapa ni haya.

Seleri na persili, kwa samaki, nyama na supu. Kitunguu ya majani, ile bamama wanakatakata na kutia mwisho wa kupika. Lumbalumba, yenye harufu kali karibu na karafuu, kwa samaki na kwa sombe. Sinda, ambayo wengine wanaita sitroneli na watu wa Tanzania wanaita mchaichai, kwa chai ya asubuhi. Menti, kwa chai na kwa juisi. Kuna pia romarini, tangawizi na pilipili. Hizi mbili za mwisho si majani, lakini zinakaa vizuri pamoja na mengine katika kona moja.

Mimea hii yote inapenda hali yetu ya hewa. Kolwezi iko juu, zaidi ya metre 1,400 juu ya bahari. Mvua inaanza karibu mwezi wa kumi na inaisha karibu mwezi wa ine. Nyuma ya hapo ni kiangazi: usiku wa baridi mwezi wa sita na wa saba, kisha joto na vumbi mpaka mvua irudi. Kwa hiyo hewa si shida. Shida yetu iko chini ya miguu.

Ua lililoonyesha shaba

Kuna jambo ambalo wengi hawajui. Ku udongo wenye shaba nyingi, miti mikubwa ya pori haioti vizuri. Pahali pale panabaki wazi, na majani mafupi na maua madogo. Moja kati ya maua yale ni ndugu wa karibu wa lumbalumba na wa bazili. Wataalamu wa mimea wanaliita Ocimum centraliafricanum, zamani walikuwa wanaliita Becium homblei. Linavumilia shaba ambayo ingeua mimea mingine. Juu ya hiyo, watafuta-madini wa Katanga na wa Zambia walilitumia kama alama: pale linaota kwa wingi, huenda shaba iko chini.

Kuna lingine, Haumaniastrum katangense, ambalo nalo ni la jamaa kubwa ya menti. Hilo lilisaidia hata watafiti wa mambo ya kale. Walilifuata, wakapata pahali ambapo wazee wetu walikuwa wakiyeyusha shaba, mbele sana ya wazungu kufika.

Hii hadithi inatufundisha jambo moja la maana. Mmea unaweza kuwa wa kijani, mzuri, wenye afya, na bado uko umesimama ndani ya udongo wenye madini mengi. Macho peke yake hayatoshi. Ni kweli kwamba shaba ikizidi sana, mimea mingi inaonyesha: majani yanakuwa ya manjano, mizizi inabaki mifupi. Lakini kobalti, kadimiumu ao risasi, ile Wafaransa wanaita plomb, vinaweza kupanda ndani ya majani bila mmea kulalamika.

Vipimo vilionyesha nini?

Hatusemi haya ili kutisha watu. Ni mambo yaliyopimwa.

Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya vipimo vya mkojo wa wakaaji wa Katanga. Wale wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na kobalti na madini mengine mengi kupita wale wa mbali. Na si wafanyakazi wa mugodi tu: ni watu wa kawaida, pamoja na watoto.

Kisha wakatafuta njia ambayo kobalti inapitia. Katika uchunguzi uliotoka mwaka 2014, walionyesha kwamba chakula kinacholimwa karibu na migodi, hasa mboga za majani, ni moja ya njia zile. Kwa watoto, vumbi wanayoweka mukinywa wakicheza ni njia nyingine kubwa.

Hapa Kolwezi kwetu, kila mtu anajua habari ya Kasulo. Kuanzia karibu mwaka 2014, watu walichimba kobalti ndani ya lupango zao, kando ya nyumba, hata chini ya nyumba. Uchunguzi uliofanywa pale na kutolewa mwaka 2018 uliona kwamba watoto wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi sana katika mkojo na damu, kupita watoto wa mtaa wa jirani usio na mashimo. Vumbi ya ndani ya nyumba ilikuwa na madini pia.

Na kuhusu maji, mwaka 2013 watafiti walitoa vipimo vya maji na matope ya mto Luilu na mto Musonoie. Walikuta shaba na kobalti nyingi kupita kiasi. Ile mito miwili ndiyo wakulima wengi wa mboga wanaona karibu.

Sasa mtu atasema: seleri ni kidogo tu, itaniumiza nini? Ana haki, lakini nusu. Ni kweli, majani ya kunukia tunakula kidogo kupita sombe, matembele ao lengalenga. Hatari yake peke yake si kubwa. Lakini kuna mambo mawili. Kwanza, vumbi, chakula na maji vinajumlishwa ndani ya mwili mmoja, na mwili wa mtoto ni mdogo. Pili, mwenye kujifunza kupanda seleri vizuri amejifunza kupanda lengalenga vizuri. Kona ndogo ya majani ya kunukia ni masomo ya bei rahisi.

Panda juu, usipande chini

Sheria ya kwanza kwa mtu wa Kolwezi, hasa anayeishi karibu na mugodi, kiwanda, depo ya kununulia madini ao barabara ya makamioni: usitumie udongo wa lupango. Tumia chombo, na ulete udongo kutoka pengine.

Chombo kinaweza kuwa bidoni ya mafuta ya kula iliyokatwa upande, baseni iliyopasuka, ndoo ya zamani, ao gunia. Toboa mashimo chini ili maji yatoke. Weka mawe madogo ao vipande vya matofali ndani, kisha udongo.

Lakini angalia sana chombo chenyewe. Kwetu gunia nyingi zinazouzwa zimekwisha kubeba madini. Hata ukizifua, vumbi inabaki ndani ya nyuzi. Chukua gunia ya unga ao ya sukari. Ni vile vile kwa bidoni na tonelo: kama ilitoka ku kiwanda, ikiwa na alama ya hatari ao harufu usiyojua, usiitumie, si kwa mimea wala kwa maji ya kunywa. Bei yake rahisi iko na sababu.

Weka vyombo juu ya matofali ao meza ya mbao, urefu wa goti ao zaidi. Hiyo inasaidia mara tatu: mvua hairushi matope ya chini ku majani, kuku na mbuzi hawafiki, na mgongo hauumi.

Udongo wa kuleta

Tafuta udongo mbali na migodi na mbali na barabara kubwa, pahali pori bado iko na miti mirefu. Kama unaona uwazi bila miti, na mawe ya kijani ao meusi mazito, acha. Mawe ya kijani ni dalili ya shaba, na yale meusi mara nyingi ni ya kobalti. Uliza wazee wa kijiji kile kama pale palikwisha kuchimbwa.

Wengi wanapenda udongo wa kichuguu. Ni wazo zuri: vichuguu vikubwa vya Katanga mara nyingi viko na chokaa kuliko udongo mwekundu wa kandokando, na mimea inapenda hiyo. Lakini mchwa wanapandisha udongo kutoka chini sana. Ndiyo sababu watafuta-madini wanapima vichuguu ili kujua kama kuna madini chini. Kwa hiyo kichuguu cha mbali ni kizuri. Kichuguu cha karibu na mugodi kinaweza kuwa kibaya kuliko udongo wa juu.

Changanya hivi: ndoo mbili za udongo, ndoo moja ya mboleo iliyooza vizuri, na nusu ndoo ya mchanga kama udongo ni wa kushikana. Kisha ongeza konzi moja ya majivu ya makala ao ya kuni kwa kila ndoo. Majivu ni ya lazima zaidi kuliko watu wanavyofikiri. Udongo wetu mwekundu ni mchachu, na ndani ya udongo mchachu madini yanayeyuka na kuingia ku mizizi kwa urahisi. Majivu ao chokaa vinapunguza uchachu, na mboleo inashika madini yasitembee. Ndiyo sababu wataalamu wanaotafuta kuponya udongo ulioharibika wanatumia chokaa na mboleo. Lakini usizidishe: majivu mengi yanachoma mimea. Na usitumie majivu ya plastiki, ya pneu ao ya mbao zilizopakwa rangi.

Mboleo ya nyumbani inatoka ku maganda ya viazi, ya ndizi, majani ya mboga, majani makavu, mavi ya kuku ao ya mbuzi. Iache ioze miezi miwili ao mitatu. Na hapa kuna kosa ambalo karibu sisi wote tunafanya: asubuhi tunafagia lupango, na takataka zote tunatupa ku shimo la mboleo. Ile vumbi tuliyofagia ndiyo tulikuwa tunaikimbia. Ya fagio iende pengine.

Maji na pahali pa kuweka

Usinyweshe na maji ya mto unaopita karibu na kiwanda, wala maji yanayotoka ku mashimo ya kuchimba, wala pahali wanasafishia madini. Maji ya bomba ni mazuri. Maji ya mvua pia, lakini mvua ya kwanza inasafisha vumbi yote ya kiangazi iliyokuwa juu ya manjanja. Acha mvua za kwanza zipite, na hata nyuma ya hapo acha dakika kumi hivi mbele ya kuweka ndoo. Maji uliyooshea mchele ao mboga, bila sabuni, ni mazuri kabisa.

Kwa pahali, chagua nyuma ya nyumba kuliko mbele, kama mbele ni barabara. Ukuta, ua wa miti ao hata bashi ya zamani iliyotundikwa inapunguza vumbi. Mimea mingi inaomba jua ya masaa ine ao matano. Seleri, persili na menti zinapenda kivuli kidogo saa sita. Funika udongo wa chombo na majani makavu: maji hayakauki haraka, na vumbi hairuki.

Mwezi wa nane na wa kenda, wakati vumbi iko nyingi, nyunyizia majani maji kila siku mbili, magaribi. Ni kama kuyaosha uso.

Kila jani na tabia yake

Kitunguu ya majani ni ya kuanzia. Nunua kifungu ku soko chenye mizizi, tumia majani, kisha panda vipande vya chini vya urefu wa kidole. Nyuma ya majuma mawili ao matatu, kimeota tena. Kata juu tu, usingoe.

Sinda haipandwi kwa mbegu. Omba jirani akugawie shina moja lenye mizizi. Ndani ya chombo kikubwa linajaza haraka, na kila mwaka unaweza kuligawanya na kugawia wengine.

Lumbalumba inaota kwa mbegu ao kwa kijiti. Kata tawi changa la urefu wa mkono mmoja wa kushika, ondoa majani ya chini, liweke ndani ya maji ao udongo mbichi kwenye kivuli. Ikikua, inakuwa mti mdogo wa kufika bega. Kata vichwa vyake mara kwa mara ili izae matawi. Baridi ya mwezi wa saba inaichelewesha, lakini mvua ikirudi inaamka.

Menti pia ni ya kijiti. Iweke peke yake katika chombo chake, sababu inakimbia chini ya udongo na kufukuza wengine.

Seleri na persili zinaomba uvumilivu. Mbegu zao ni ndogo na zinachelewa: seleri majuma mawili ao matatu, persili mara nyingine karibu mwezi. Wengi wanafikiri mbegu ilikufa, wanatupa. Lowesha mbegu usiku mmoja, zifunike na udongo kidogo tu, na udongo usikauke hata siku moja. Zikifika urefu wa kidole, zipunguze. Wakati wa kuvuna, chukua majani ya inje, acha moyo wa katikati. Mche mmoja unaweza kukuhudumia miezi mingi.

Tangawizi: chukua kipande chenye jicho, kipande ndani ya gunia mvua ikianza, mwezi wa kumi ao wa kumi na moja, na uvune nyuma ya miezi minane mpaka kumi, majani yakikauka.

Wadudu wadogo wakikusanyika chini ya majani, osha na maji yenye sabuni kidogo, kisha suuza. Dawa ya sumu ya ku shamba haina kazi ku jani ambalo utakula kesho.

Kuosha, kutunza, kupika

Hata ukipanda vizuri, vumbi ya Kolwezi itakufikia. Menti na lumbalumba ziko na manyoya madogo ku majani, na vumbi inashika pale. Osha mara tatu: baseni ya kwanza tikisa na kumwaga, ya pili vile vile, ya mwisho na maji safi. Kama utakula jani bila kupika, maji ya mwisho yawe yaliyochemshwa ao yaliyotiwa dawa, sababu kipindupindu kinarudi mara kwa mara ku majimbo ya Katanga ya zamani.

Tuelewane vizuri: kuosha kunaondoa vumbi ya juu. Hakuondoi madini yaliyoingia ndani ya jani kupitia mizizi. Kuchemsha pia hakuondoi, wala chumvi, wala vinegre. Bakteria inakufa kwa moto, kobalti haifi. Ndiyo sababu kazi kubwa iko ku udongo, si ku sufuria.

Kutunza bila frigo ni rahisi. Seleri na persili simamisha ndani ya kopo yenye maji kidogo, kama maua, na ubadilishe maji kila siku. Sinda na majani mengine funga ndani ya kitambaa kibichi, pahali pa kivuli. Lakini uzuri wa kupanda ni kwamba hautunzi: unakata wakati nyungu iko ku moto.

Na saa ya kutia iko na maana. Lumbalumba na shina la seleri vinavumilia moto, vitie pamoja na kitunguu ao katikati ya kupika sombe. Majani laini, yaani persili, kitunguu ya majani na menti, yatie mwisho, moto ukizimwa, sababu harufu yake inaruka haraka. Kwa samaki wa kuchoma, twanga seleri, tangawizi, kitunguu ya majani, pilipili na chumvi, pakaa ndani na inje, acha saa moja. Mtu akitumia majani mengi, anaona hana haja ya cube nyingi. Hiyo ni chumvi iliyopungua ku nyumba yenye wazee wa tansio.

Chai, lakini si kwa malaria

Wengi wanapanda pia kwa ajili ya dawa. Chai ya sinda nyuma ya chakula, mvuke wa lumbalumba wakati wa mafua, menti kwa tumbo linalojaa: hayo ni mazoea ya wazee na yanatuliza mtu. Hakuna neno. Lakini uangalie mtoto mdogo na maji ya moto, na mama mjamzito aulize muganga mbele ya kunywa dawa ya majani kila siku.

Kuhusu malaria, tunaomba usikilize vizuri. Artemisia imejulikana sana kwetu, hasa tangu mwaka 2020 wakati Madagascar ilitangaza kinywaji chake cha Covid. Ni kweli kwamba dawa ya nguvu ya malaria, artemisinine, ilitoka ndani ya mmea huo. Ni mtafiti wa China, Tu Youyou, aliyeifungua njia hiyo miaka ya 1970, na alipata zawadi ya Nobel mwaka 2015. Lakini Shirika la Afya Ulimwenguni halikubali chai ya artemisia kama dawa ya malaria, na sababu ni wazi: kikombe kimoja kinaweza kuwa na dawa nyingi, kingine kidogo. Ile kidogo inapunguza homa, mtu anafikiri amepona, na ugonjwa unarudi. Zaidi ya hayo, vijidudu vinajifunza kuzoea dawa, na hapo hata vidonge vinaanza kushindwa.

Mtoto akiwa na homa, mpeleke apimwe siku ile ile. Chai ya sinda atakunywa nyuma, akipona.

Kile familia inaweza, na kile haiwezi

Wasomaji wetu wa majimbo mengine ya mashariki, msifikiri hii ni habari ya Kolwezi tu. Pale wanapochimba dhahabu, kama Ituri ao Kivu ya Kusini, wengi wanatumia zebaki na kuichoma, mara nyingine ndani ya lupango ya familia. Sheria ni ile ile: ujue udongo, ujue maji, usipande pahali walipochomea.

Na tuwe wa kweli. Familia moja yenye ndoo kumi haiwezi kusafisha mto. Haiwezi kusimamisha vumbi ya makamioni. Hiyo ni kazi ya makampuni na ya serikali: kumwagia barabara maji, kufunika mizigo, kuzuia maji machafu, kupima udongo wa mitaa na kutangaza matokeo kwa lugha ambayo mama wa Kanina ao wa Luilu anaelewa. Haki ya kujua udongo wa lupango yako uko namna gani, ni haki. Kamati za mtaa zinaweza kuiomba pamoja, kwa barua, kupitia shefu wa mtaa. Mtu mmoja akiomba wanamzungusha; mtaa wote ukiomba ni vigumu kuuzungusha.

Mpaka siku hiyo, tuko na kile kilicho mukononi. Watoto wanawe mikono mbele ya kula. Yule anayetoka ku mugodi avue nguo na viatu mbele ya kuingia, na nguo zile zisianikwe juu ya mimea. Sakafu ipanguswe na kitambaa kibichi kuliko kufagiwa kavu.

Na juma hili, kama haujaanza, anza na chombo kimoja tu. Tafuta bidoni ya mafuta ya kula, udongo wa mbali, konzi ya majivu, na vipande vitano vya kitunguu ya majani kutoka ku soko. Siku ishirini hivi mbele, mtoto hatatumwa tena barabarani saa ya magaribi. Atatumwa nyuma ya nyumba.